Mafuriko Ambayo Hayakuja

Fungua kamusi yoyote ya Kiingereza na Kiswahili, tafuta neno flood. Utapewa mafuriko. Ukibahatika utaongezewa na gharika. Kisha kamusi itaendelea na neno linalofuata, kana kwamba shauri limekwisha.

Kwangu mimi shauri linaanzia hapo, na nitalipeleka bondeni, Rufiji, kwa sababu sijui mahali pengine nchini ambako neno hili moja linabebeshwa mzigo mzito namna hii.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Flood ni ndugu wa flow, yaani kutiririka. Waingereza wa kale walilitumia kwa maji yoyote yanayokwenda: mto, bahari, maji yanayopanda ufukweni. Mpaka leo mabaharia wao huita maji kujaa kwa jina hilo hilo, kinyume cha maji kupwa, na hakuna anayetafuta boti la uokoaji. Ile maana ya maji yaliyovuka ukingo na kuingia chumbani kwa watu nayo ni ya zamani, lakini ndiyo iliyokua ikawafunika wenzake. Visawe vyake vinatofautiana kwa ukali na kwa mavazi: overflow ni la upole, lafaa hata kwa ndoo, inundation limevaa tai, ni la ripoti, deluge ni la Nuhu.

Kiswahili nacho kina safu yake. Gharika tumeipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kuzama. Ndilo neno la Biblia ya Kiswahili kwa maji ya Nuhu. Kurani, katika kisa hicho hicho, inasema tufani, ila neno hilo lilipovuka bahari na kufika kwetu likabadili kazi, likawa dhoruba ya upepo na mawimbi. Nadhani watu wa majahazi ndio walioamua. Halafu tuna kitenzi furika, ambacho ukikisikiliza kiko karibu na fura, kuvimba. Kitenzi hiki hakina ubaya wowote. Uwanja hufurika watu, moyo hufurika furaha, soko hufurika maembe mwezi wa Desemba. Lakini kigeuze kiwe nomino, useme mafuriko bila kuongeza kitu, na mara moja kuna mtu juu ya paa.

Jaribu kusema Dar es Salaam, pale Jangwani, kwamba mwaka huu tunamshukuru Mungu tumepata mafuriko mazuri. Watakutazama. Mvua imeruhusiwa kuwa ya neema, mvua ya rehema, mvua za kupandia. Mafuriko hayakupewa kivumishi hata kimoja cha kuyatetea.

Sasa twende mtoni. Bonde la Rufiji linakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu unaleta yake, Luwegu unaleta yake, na Kilombero peke yake unaleta zaidi ya nusu. Mvua zinanyesha mbali, kwenye milima ya Iringa, Njombe na Morogoro, na mtu wa Utete au Muhoro anaweza kuona mto ukipanda siku ambayo kwake jua linawaka. Kwa kawaida kilele huwa Aprili. Maji yakishavuka kingo hutanda bondeni, huingia kwenye maziwa madogo yaliyo kandokando ya mto, kisha huendelea kushuka hadi delta, ambayo leo iko wilaya ya Kibiti, na kuingia baharini kwa midomo mingi ikitazamana na Mafia. (Kibiti wengi wenu mliisikia mara ya kwanza mwaka 2017, kwa habari nyingine kabisa. Wilaya ina haki ya kujulikana kwa zaidi ya jambo moja.)

Mkulima wa bondeni aliupangia mwaka wake kwa kuyafuata maji hayo. Mpunga hupandwa mapema ili maji yakifika yaukute umeshika mizizi na kupata urefu; maji yakipanda taratibu, nao unapanda nayo. Yakiwahi sana yanauzamisha. Yasipofika unakauka. Kisha maji yanaposhuka yanaacha tope jipya lenye unyevu, na juu ya tope hilo hupandwa mahindi, kunde na maboga ambayo yataiva bila kungoja mvua nyingine. Kilimo hicho kina jina lake: mlau. Na hapa ndipo mtu wa mjini hushangaa, kwa sababu mwaka ambao mafuriko ni makubwa hata yakaua mpunga, mlau huwa na eneo kubwa zaidi na rutuba zaidi. Hasara na malipo yake vinafika kwa mtumbwi mmoja. Yale maziwa nayo hufunguliwa mlango, samaki wakaingia kutoka mtoni kuzaliana. Miaka ikipita bila maji kuvuka ukingo, ziwa linasinyaa na mvuvi anageuka mchoma mkaa.

Kule chini delta hesabu ni nyingine kidogo, ila inategemea maji yale yale. Mikoko ya Rufiji, karibu hekta 53,000, ni takriban nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mikoko huishi kwa mvutano wa maji ya chumvi na maji baridi, na kambamiti, ambao wameilisha delta na kuijaza meli za wengine, hukulia humo. Mto ukipungua nguvu, chumvi inapanda. Anayelima mpunga delta hana haja ya kusomewa utafiti ili ajue hilo, anaonja maji.

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha kusoma dodoso vijijini upande wa Kibiti. Dodoso lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa na mtu aliyelipwa kutafsiri; kazi yangu ilikuwa kusoma na kuweka alama. Swali moja liliuliza: je, kaya yako imeathiriwa na mafuriko katika miaka mitano iliyopita? Ndiyo, hapana.

Mzee mmoja, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana hali, aliliwaza swali hilo kuliko yote yaliyotangulia.

"Kuathiriwa mwaka upi, mjukuu wangu? Ule yaliokuja, au ule ambao hayakuja?"

Nikamwambia, babu, yote mawili, niambie.

"Yalipokuja tulihamisha kuku na magodoro, tukarudi tukalima. Yasipokuja ndiyo tuliathirika."

Kulikuwa na visanduku viwili na jibu lake halikuingia katika kimoja. Nililiandika pembeni kwa kalamu. Lakini kompyuta haisomi pembeni.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na naona lilikuwa sahihi zaidi ya swali. Swali lilikuwa limekwisha kuamua, ndani ya neno moja, kwamba maji kuvuka ukingo ni dhara, na kilichobaki ni kupima ukubwa wake. Mwaka 2007 watafiti wawili, Stéphanie Duvail na Olivier Hamerlynck, walichapisha makala kuhusu mafuriko ya Rufiji ambayo kichwa chake kinauliza kama ni tauni au baraka. Wao angalau waliuliza. Wapangaji wengi waliopita kabla yao walitafsiri kwanza, wakapanga baadaye.

Wa kwanza kuwakumbuka ni wale wa Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968 Serikali iliamua kuwahamisha watu kutoka bondeni na kuwapandisha kwenye ardhi ya juu, katika vijiji vipya vya ujamaa. Nia haikuwa mbaya. Shule, zahanati na bomba haziwezi kujengwa kwenye udongo unaozama kila Aprili, na chakula cha msaada kilikuwa kinailemea Serikali. Lakini watu walihamishwa, mashamba hayakuhamishika. Rutuba ilibaki chini. Ndiyo maana miaka mingi baadaye bado unawakuta wenye nyumba juu wakishuka na kukaa miezi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori na wakingoja maji. Katika lugha ya operesheni, mtu wa dungu alikuwa mkaidi aliyerudi hatarini. Katika lugha yake mwenyewe alikuwa kazini.

Kisha likaja bwawa. Wazo lake ni la zamani kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Mwaka 1975 iliundwa RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde, na tangu enzi hizo kudhibiti mafuriko kulihesabiwa miongoni mwa faida za kujenga. Lilijengwa hatimaye. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Jiwe la msingi likawekwa Julai 2019. Tarehe 22 Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua ujazaji wa maji. Mitambo tisa, megawati 2,115. Mashine ya kwanza iliingia kazini Februari 2024. Naandika haya kwa umeme wake, kwa hiyo nisijifanye mtu wa kibatari.

Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, bonde lilikuwa chini ya maji. Mashamba yalizama, nyumba zilizama, familia za Rufiji na Kibiti zikahamia kambini. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani na kukata barabara ya kusini pale Somanga, kana kwamba hesabu haijatimia. Nani alileta maji? Serikali na TANESCO walieleza kwamba ni mvua kubwa za msimu wa El Niño, kwamba bwawa lilishika maji mengi kabla ya kulazimika kuyaruhusu yapite, na kwamba lisingekuwepo hali ingekuwa mbaya zaidi. Wakazi wengi walisema maji yametoka bwawani. Ukizisikiliza kauli hizi mbili kwa utulivu utaona zinaweza kuwa kweli zote kwa pamoja. Maji yalitoka mawinguni, na yalitoka bwawani.

Kinachofuata hakihusu hesabu za maji, kinahusu majina. Jambo lile lilipewa jina la maafa. Tuna Idara ya Usimamizi wa Maafa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, tuna sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022, na kwa kutumia mlango huo vilikwenda unga, mahindi, magodoro na mbegu. Sibezi. Mwenye njaa hapewi somo la visawe. Lakini neno maafa lina mwenzake anayetembea naye, na mwenzake ni msaada. Msaada hutolewa kwa huruma. Anayeupokea husema asante mbele ya kamera, na mwaka unaofuata akikosa hana pa kuuliza. Laiti jambo lile lingeitwa hasara, au uharibifu, mwenzake angekuwa fidia. Fidia ina fomu, ina tathmini, ina tarehe, na anayeipokea hatakiwi kutabasamu.

Kwa hiyo kuchagua kati ya maneno mawili ambayo kamusi ingeyaweka jirani ni kuchagua kama mama aliyepoteza ekari mbili za mpunga ni mhitaji au ni mdai.

Waingereza, ambao neno lao ndilo lililotuleta hapa, waligombana juu ya jambo hili mahakamani karne ya kumi na tisa. Mwaka 1868, katika kesi ya Rylands na Fletcher, mwenye kinu wa Lancashire alikuwa amejenga bwawa, maji yakapenya chini ya ardhi na kuujaza mgodi wa jirani. Yeye binafsi hakuwa na uzembe. Mabwana wa mahakama ya juu wakasema hilo halimsaidii: ukikusanya kwenye ardhi yako kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, kikitoroka utakijibu. Miaka minane baadaye, katika Nichols na Marsland, bibi mmoja alikuwa na mabwawa ya mapambo aliyotengeneza kwa kuzuia kijito. Ikanyesha mvua ambayo haikuwahi kuonekana, kingo zikavunjika, madaraja ya umma yakasombwa. Safari hii mahakama ikasema: kazi ya Mungu, bibi hana deni.

Kanuni hizo zilitufikia sisi pamoja na mirathi nyingine ya kikoloni. Sizitaji ili msomaji aondoke akidhani kesi ya Rufiji imekwisha. Sheria ina milango mingi, hasa mwenye bwawa anapokuwa umma. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba mvua kubwa peke yake haijibu swali. Mvua ilikuwepo na bwawa lilikuwepo, na kilichoamuliwa ni nani aitwe mwenye jambo. Kabla ya Desemba 2022 mto Rufiji haukuwa na geti. Haukuwa na mtu wa zamu, haukuwa na simu, haukutoa tamko kwa vyombo vya habari. Ungeulalamikia kwa nani? Watu wa pwani walisema kudra, wakahama, wakarudi, na neno lile lilikuwa sawa na hali yenyewe. Sasa kuna geti, na geti lina mtu, na mtu ana mkuu wake. Hata tukikubali kwamba mkono ule ulipunguza maji, ni mkono. Mkono unaweza kuulizwa umefungua lini, umefungua kiasi gani, na ulimwambia nani huko chini kabla ya kufungua. Kuyaita yote hayo kudra ni kumsingizia Mungu kazi ya zamu ya usiku.

Mpaka hapa nimezungumzia maji yaliyokuja. Lakini yule mzee alikuwa na jambo la pili, na naona ndilo zito, kwa sababu halipigwi picha. Bwawa likifanya kazi yake vizuri, itakuja miaka mingi ambayo ripoti zitaandika kwamba mafuriko yamedhibitiwa. Hiyo itakuwa habari njema katika lugha zote mbili za kamusi yangu. Bondeni, mwaka huo huo, tope halitakuja, maziwa hayatafunguliwa, mlau hautapandwa, na kule delta chumvi itasogea hatua nyingine ndani ya mpunga. Hili tunaliitaje? Si ukame, maana mvua inaweza kuwa imenyesha vizuri. Si maafa, hakuna aliyekufa. Kiswahili hakina neno la mafuriko kutokuja, na Kiingereza hakina pia. Kitu kisicho na jina hakina safu kwenye dodoso. Kisicho na safu hakina takwimu. Na bila takwimu sijui mdai ataanza wapi barua yake.

Nikiwaza hili namfikiria Mmisri, kwa sababu bwawa letu limejengwa na kampuni zake. Misri ilitengenezwa na mafuriko. Wamisri wa kale waligawa mwaka wao mara tatu, na msimu wa kwanza, Akhet, ulikuwa wa mto Nile kupanda, wakausubiri kama mkulima wa Utete anavyosubiri Aprili. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mafuriko yale yalikwisha. Umeme ukaja, kilimo cha mwaka mzima kikaja, mbolea ya viwandani ikachukua kazi ya tope, na delta ya Nile ikazidi kuliwa na bahari. Lakini kila Agosti mpaka leo Wamisri husherehekea Wafaa el-Nil, uaminifu wa Nile, siku ya kuushukuru mto kwa kutimiza ahadi ambayo hauruhusiwi tena kuitimiza. Wamepoteza kitu hicho, lakini walikuwa na neno la sifa kwa ajili yake, na neno limebaki. Angalau wanajua nini hakipo.

Na kuna njia za katikati. Mwaka 1996 Wamarekani walifungua kwa makusudi maji ya bwawa la Glen Canyon ili mto Colorado upate mafuriko madogo na kurudisha michanga yake. Kwenye mto Senegal, wakulima wanaolima maji yanaposhuka, wenye mlau wao kwa jina lingine, wametafutiwa maji ya kuachiliwa kutoka bwawa la Manantali, ingawa si kila mwaka wameyapata. Sheria yetu ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 nayo inatambua kwamba mto una haki ya kubakiziwa maji kwa ajili ya viumbe vyake. Kwa hiyo geti linaloweza kuzuia linaweza pia kupeleka, wiki chache za Aprili, kwa kipimo, kwa taarifa. Ugumu utakuwa kwenye tangazo. Mtu wa redio ataambiwa asome kwamba kesho mamlaka italeta mafuriko Rufiji, na kabla hajamaliza sentensi simu za kuuliza zitaanza kulia.

Mtoto aliyezaliwa Kibiti wiki ile bwawa lilipoanza kujazwa anakaribia umri wa shule. Atafundishwa madhara ya mafuriko, atayataja kwenye mtihani na atapata alama zake. Neno mlau huenda atakutana nalo pia. Ningependa kujua kama atalikuta shambani kwa bibi yake, likiwa na tope, au atakuwa analitafuta kwenye kamusi.